Emanikor wa Bulla Pesa, Fundi wa Baridi na Joto

Baba Padre, wazee, wakwe zetu mlioshuka kutoka Timau, majirani wa Bulla Pesa, na nyinyi mafundi mliojipanga pale kwa ukuta kama watu wanaongojea kuitwa kazi, familia ya mzee Ewesit inaomba mkae mlivyo na simu zinyamaze, kwa sababu inayosomwa sasa ni historia ya Stephen Emanikor, na kabla haijaanza ijulikane kwamba imeandikwa yote bila kurukwa, hata ile sehemu ambayo wiki nzima mmekuwa mkiinong'ona kwa duka, kwa foleni ya maji na chini ya hema hili hili, yaani nani alimuua, na kama mjane wake, Janice Kanana, ana haki ya kutupa udongo kwenye kaburi la mumewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1983 huko Ngaremara, mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa mzee Ewesit na mama Akal, kifungua mimba akiwa ni Ekeno, yule amekaa pale mbele na kofia mkononi. Alizaliwa mchana wa jua kali, na mama Akal husema mtoto alitoka amekunja uso, kama mtu anayeuliza ni nani amewasha hii kitu, na kwa kweli maisha yake yote hakuacha kuuliza.

Alijiunga na shule ya msingi hapo hapo Ngaremara mwezi wa Januari 1990, katika darasa la mabati lisilo na dari, ambamo ikifika saa nane mchana mwalimu na wanafunzi walikuwa wanasinzia pamoja. Akiwa darasa la tano alipanda juu ya paa na magunia na nyasi, akafunika upande mmoja, akashuka, akachapwa viboko vinne vya kupanda paa, na wiki iliyofuata mwalimu aliyemchapa alihamisha kiti chake akakiweka chini kabisa ya yale magunia, wala hakusema asante mpaka leo. Aliacha shule mwezi wa Agosti 1997 akiwa darasa la nane, baada ya ukame kumaliza mbuzi za nyumbani, na wale mliomaliza kidato cha nne na vyeti vyenu mmevihifadhi kwa bahasha, mnajua wenyewe ni nani alikuwa akimpigia mwenzake simu friji ikikataa kuganda.

Tarehe 3 Februari 2001 alipanda Timau kutafuta kazi, na hapa lazima isemwe kwamba kutoka Isiolo hadi Timau ni kama saa moja tu ya barabara, lakini ni kama kutoka kwa jiko na kuingia ndani ya mtungi, huku chini mtu analala juu ya sakafu akitafuta ubaridi na kule juu mtu analala na koti. Aliajiriwa kuchochea moto wa boila kwenye nyumba za wageni za shamba moja, chini ya fundi Kobia, ambaye yuko hapa na magoti yake mabaya. Kobia alimfundisha jinsi nyumba inavyopashwa joto bila kuwa na moto ndani, kwamba boila inakaa kwenye kibanda chake nje na bomba lake la moshi, kuni zinachemsha maji, maji yanasukumwa kwa mabomba mpaka ndani ya vyumba, yanaacha joto lao huko kisha yanarudi yamepoa kuchukua lingine, kama punda wa maji anayekwenda na kurudi. Kobia alikuwa akimwambia, "Kijana, joto ni kama mbuzi, ukifungua mlango linaenda lenyewe kule hakuna joto," na marehemu alilishika neno hilo kuliko alivyowahi kushika katekisimu, Baba Padre atusamehe.

Mpishi wa nyumba hizo za wageni alikuwa Kanana, binti ya mzee M'Ikiara, na siku ya kwanza alipomwona mchochea moto akitetemeka kando ya boila alimwuliza mbele ya watu wote, "Wewe Mturkana, hii ni Februari, Julai utafanyaje, utaingia ndani ya moto?" Marehemu alijibu kwamba Julai itamkuta na mke, jambo ambalo halikuwa kweli, Julai tisa zilipita, lakini hatimaye tarehe 22 Agosti 2009 wazee wetu walipanda Timau, mzee M'Ikiara akakataa mbuzi wa kwanza kwa sababu alikuwa mwembamba na akamkataa wa pili kwa sababu alikuwa anamwangalia vibaya, na jioni mambo yakaisha kwa kicheko. Ndoa yao ilibarikiwa kanisani hapa Isiolo tarehe 14 Desemba 2013, na Mungu akawajalia watoto wawili, Lorna Akal aliyezaliwa mwaka 2010, na Mawira aliyezaliwa mwaka 2016.

Mwaka 2010 marehemu alirudi nyumbani na kufungua karakana Bulla Pesa, na bila kuongeza chumvi, kutoka Archers Post mpaka Kinna hakuna mtu aliyejua baridi kama yeye, anayebisha abishe tukimaliza kuzika. Mwaka 2012 aliwajengea akina mama wa maziwa wa Kulamawe chumba cha kuhifadhi maziwa ya ngamia bila stima hata kidogo, kuta mbili za waya, katikati amejaza makaa, juu ametoboa mpira wa maji unaodondoka polepole, upepo ukipita kwenye makaa yaliyolowa, maji yanakauka, na yakikauka yanaondoka na joto, na maziwa yaliyokuwa yakichacha kabla ya gari kufika yakaanza kufika Isiolo yakiwa mazima.

AC ya kwanza aliyomfungia mteja ilikuwa ya Bwana Abdirahman, mwenye lojing'i karibu na stendi, yule pale nyuma, asijifiche. Wiki haikuisha kabla hajaja karakana akipiga kelele, "Emanikor, mashine yako imeharibika, ndani ni baridi lakini huku nje inanitemea moto!" Marehemu akamjibu, "Mzee Abdirahman, hiyo ni joto yako nimekutolea nje, ama unataka nikurudishie chumbani?" Ndipo akakaa naye chini akamweleza, kama alivyowaeleza wengi wenu, kwamba AC haitengenezi baridi, hakuna mtu duniani anayetengeneza baridi, kuna gesi inazunguka kwenye bomba la shaba, ikiwa ndani inapoa na kufyonza joto la chumba, kompresa inaikandamiza, inafika nje ikiwa moto, feni inaipuliza, joto linabaki kwa barabara na gesi inarudi ndani kuchukua lingine. Bwana Abdirahman alielewa vizuri sana, maana kuanzia siku hiyo alianza kuanika shuka za wageni mbele ya ile feni ya nje, na zilikauka kabla ya chai kuiva.

Lakini kila chumba alichofunga AC, marehemu alikuwa na kazi moja ya kwanza, nayo ni kuziba. Nyumba zetu hizi zimejengwa na matundu ya hewa juu ya madirisha, na yeye aliyajaza yote kwa simenti au povu, akabandika mpira chini ya mlango, akapaka silikoni kwenye kila ufa, na mwenye nyumba akiuliza alimwambia, "Baridi yako inatorokea hapo, ni kama kuteka maji na ndoo imetoboka." Alisema kweli, kwa AC alisema kweli, kwa maana AC inachukua joto peke yake, hewa inaiacha pale pale. Kwa hesabu ya daftari lake aliziba vyumba arobaini na vitatu hapa mjini, na cha kwanza kabisa kilikuwa chumba chake mwenyewe cha kulala, alichowaonyesha wateja wote, akiwaambia washike kiberiti karibu na dirisha waone kama mwali utatikisika, na haukutikisika.

Jumatatu tarehe 9 Juni mwaka huu wa 2025 marehemu alirudi kutoka kazini Sericho akilalamika kichwa na viungo, Jumanne akapimwa akapatikana na malaria, akapewa dawa na kurudishwa nyumbani. Alhamisi tarehe 12 stima ilipotea tangu saa tatu asubuhi, mji mzima, na jua likiwa juu ya mabati, kila mtu akijipepea na gazeti, yeye alikuwa chini ya blanketi mbili meno yakigongana, kama mnavyojua baridi ya malaria haiulizi nje kukoje. AC yake ilikuwa ya aina ile inayoweza kugeuzwa, ikavuta joto la nje na kulileta ndani, lakini bila stima ilikuwa sanduku tu ukutani, akaitazama akaitukana, kisha akamwomba Kanana amletee jiko.

Kanana alikataa mara mbili. Mara ya tatu aliwasha jiko nje, akangoja moshi wote uishe na makaa yawe mekundu, kama kila mama aliye hapa angefanya, kwa sababu sisi wote tumelelewa tukijua kwamba makaa yakishaiva hayana madhara, akaliingiza chumbani, na kwa vile amezaliwa Timau ambako watu hulala na baridi tangu utotoni, akafungua dirisha upana wa kiganja na kumwambia mumewe, "Baba Lorna, hii usiifunge, mimi naenda dukani kwa dawa, hizi zimebaki mbili." Watoto walikuwa shule. Alitoka saa sita, duka la dawa la karibu halikuwa na hizo dawa, akatembea mpaka lile la mjini, akapanga foleni, akarudi saa nane na robo.

Alikuta dirisha limefungwa. Alisukuma mlango, ukakataa, akasukuma kwa bega, na ulipofunguka aliona ni blanketi iliyoviringishwa ikawekwa chini yake kwa ndani. Marehemu alikuwa amelala ubavu, shuka mpaka shingoni, uso umetulia na midomo imekuwa na rangi nzuri kuliko siku zote tatu, na Kanana, Mungu amsaidie, alishukuru kwanza, alifikiri homa imeshuka na mume amepata usingizi. Akaliondoa jiko polepole asimwamshe. Aliporudi na maji ya kumeza dawa alimgusa, na mwili ulikuwa na joto, kwa sababu chumba chote kilikuwa na joto, ndiyo maana alimwita mara nyingi sana kabla hajaelewa. Jirani Jane aliyesikia kelele alikuja, wakambeba mpaka kwa gari ya Bwana Abdirahman, na hospitalini saa tisa kasorobo daktari alisema ndugu yetu ameshakufa kitambo.

Sasa hii ndiyo ile sehemu.

Jumapili tarehe 15 familia ilikutana nyumbani kwa mzee Ewesit, na Ekeno, kama mkubwa wetu, alisimama akasema, "Chumba kimoja, jiko moja, watu wawili, mmoja amekufa na mmoja anatembea, huyo mwanamke hatatupa udongo kwa kaburi ya ndugu yangu." Wengine wakaongeza yao, ati dawa ilikuwa na kitu, ati hawa watu wa mlimani tangu zamani, mengine hayafai kusomwa mbele ya mzee M'Ikiara, ambaye alikuwa amekaa hapo hapo mlangoni akiyasikia yote na hakuinua kichwa. Kanana aliulizwa ni nani alifunga dirisha, akasema hajui, yeye aliliacha wazi na blanketi ameikuta kwa ndani, na tukamcheka. Tulimcheka, hilo liandikwe pia.

Jumatatu daktari aliyempasua alitoa karatasi yake na akatuita akatueleza kwa Kiswahili cha kawaida, kwamba hapakuwa na sumu yoyote kwa tumbo wala kwa dawa, kwamba makaa yanapowaka ndani ya chumba kilichozibwa yanakula hewa nzuri na kutoa hewa nyingine inayoitwa kaboni monoksaidi, haina moshi, haina harufu, haina rangi, makaa mekundu yanaitoa hata yale ya kuiva, inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa ile hewa nzuri, mtu anaona usingizi tu, na ndiyo inayoacha ile rangi nzuri kwa midomo. Tulirudi nyumbani, lakini Ekeno alisema, "Haya, na jiko liliwashwa na nani?" na mambo yakabaki pale pale, Kanana akawa analala kwa Jane na watoto, kwa sababu katika nyumba yake mwenyewe hakukuwa na mtu wa kumsalimia.

Jumanne tarehe 17 Lorna, ambaye ana miaka kumi na tano na mdomo wa baba yake, alikuwa amepewa simu ya marehemu atafute picha ya kuweka hapa mbele, hii mnayoiona, na akiitafuta aliangalia orodha ya simu zilizopigwa. Aliingia katikati ya wazee bila kubisha na kusema, "Baba mkubwa, Alhamisi saa sita na dakika arobaini na moja baba alikupigia, mkaongea dakika nne, alikuambia nini?"

Ekeno aliinuka akatoka nje, akakaa juu ya jiwe la kufulia, tukamfuata, na akasema maneno haya, ambayo yeye mwenyewe ameomba yasomwe kama alivyoyasema, asipunguziwe hata moja: "Alinipigia akicheka. Akasema Kanana amemwekea jiko lakini ameacha dirisha wazi, joto linatoroka. Mimi nikamwambia, na wewe fundi mzima unaziba nyumba za watu wote, yako unaiacha wazi, unangoja mwanamke akufungie? Amka ufunge, na uzibe huko chini kwa mlango. Akasema sawa. Nilisikia dirisha likigonga." Lorna akamwuliza, "Na siku hizi zote ulinyamaza?" Akasema, "Nilinyamaza."

Ndivyo ilivyokuwa. Fundi aliyejua njia zote za joto alisahau kwamba jiko si AC, kwamba AC inahamisha joto na hewa inabaki, lakini moto unakula hewa, na ndugu yake alimkumbusha kuziba kama vile sisi sote tungemkumbusha, kwa sababu ndivyo yeye mwenyewe alivyotufundisha, naye Kanana, ambaye hakuwahi kushika spana, ndiye peke yake aliyeacha tundu. Familia haitoi hukumu juu ya Ekeno, hiyo ni yake na Mungu, na usiku anao wa kutosha. Lakini yeyote aliyesema neno juu ya mjane huyu, kwa duka, kwa foleni au kwa hema hili, amesikia kwa masikio yake, na akilirudia tena atakuwa analirudia mbele ya familia ya mzee Ewesit.

Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto wawili, wazazi, ndugu watano, na wateja wasiohesabika. Familia inawashukuru daktari aliyetueleza ukweli bila kutuchokea, na wauguzi, Jane aliyefungua mlango wake wakati sisi tulifunga wetu, Bwana Abdirahman kwa gari na kwa chakula cha hema hili, fundi Kobia aliyeshuka mlima na magoti hayo, mzee M'Ikiara ambaye angeweza kumchukua binti yake aondoke naye lakini alikaa, akina mama wa Kulamawe, Baba Padre, na mafundi wote. Hao mafundi, kuanzia Jumatatu, watapita na drili katika vile vyumba arobaini na vitatu kufungua matundu yote, mpate chumba chenye ubaridi kidogo lakini mwamke asubuhi, na asitokee mtu wa kuanza kuleta ubishi wa rangi ya ukuta wake.

Neno la mwisho ni hili. Kwa desturi ya familia hii anayetupa udongo wa kwanza ni mjane, na sepetu anakabidhiwa na mkubwa wa marehemu, ambaye ni Ekeno. Asubuhi ya leo Ekeno alikwenda mpaka mlangoni kwa Jane, akamwomba Kanana ruhusa ya kumkabidhi. Kanana hakusema ndiyo, wala hakusema hapana, alisema, "Nitajua nikifika hapo." Kwa hiyo Ekeno atasimama kando ya kaburi na sepetu mkononi, na sisi tutasimama naye, juani, muda wowote utakaohitajika, hakuna atakayegusa udongo kabla ya Kanana, na akiamua kumpita Ekeno akachukua kwa mkono wake mwenyewe, hakuna atakayeguna.

Stephen Emanikor, mwana wa Ewesit na Akal, pumzika kwa amani.

Mama Lorna, njia ni yako.